Mark Appel, Chaguo Namba Moja
Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Houston, Texas

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, hamjambo? Na nyie vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Nimepewa dakika ishirini, na salamu zetu zimeshakula tano, kwa hiyo naingia kwenye mada.

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya michezo na vyuo vya Marekani. Nikafikiri, nikizungumza kwa jumla mtanisikiliza kwa adabu kisha mtakwenda kula pilau na kusahau. Heri niwaeleze habari za mtu mmoja, tumfuate kutoka sekondari hadi alipoishia, na njiani tusimame pale penye jambo la kuwafaa nyinyi wenye watoto. Mtu huyo ni Mark Appel. Ni mzaliwa wa mji huu, Houston, Julai 1991, ingawa familia yake ilihamia California akiwa bado mtoto. Ni mrushaji wa besiboli. Kila mwaka kuna uteuzi: timu za ligi kuu ya besiboli zinachagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Mwaka 2013 alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa nchi hii, na waliomchagua ni Astros, timu ya hapa hapa.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Katika kumbi kama hizi nasikia wazazi wakisema, "Kocha amesema mwanangu atachaguliwa." Wanasema hivyo kama watu waliokwisha kufika. Appel alichaguliwa kuliko wote. Miaka tisa ikapita kabla hajakanyaga uwanja wa ligi kuu katika mechi halisi.

Kwa wazee ambao mpira wetu ni wa miguu, niseme kidogo juu ya kazi yenyewe. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Anarusha, mpigaji anajaribu kuupiga mpira. Mpira wa Appel ulikuwa unafika maili 95 kwa saa na zaidi, ambazo ni kama kilomita 150. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Ukimshinda kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali ambayo hakuiweza, anatoka. Na kuna namba moja ambayo mrushaji anatembea nayo kila anapokwenda: wastani wa mikimbio, yaani alama, anayowaruhusu wapinzani katika kila iningi tisa, vile vipindi tisa vya mechi moja. Namba ndogo ndiyo nzuri. Chini ya 3 wewe ni hodari. Kwenye 4 unavumilika. Ukipita 5, watu wanaanza kuulizana kuhusu wewe. Ishikeni namba hiyo, maana nitairudia mara nyingi.

Appel alimaliza sekondari ya Monte Vista, mji wa Danville, California, mwaka 2009. Detroit Tigers walimchagua, lakini katika raundi ya 15. Raundi ya 15 ni kama kukuambia: tunakuona, ila hatukungojei. Hakusaini. Akaenda Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya kocha Mark Marquess, akasomea sayansi ya menejimenti na uhandisi. Nataka wazazi wa vijana wenye alama nzuri mlikumbuke somo hilo, maana si la kujazia fomu. Ni hesabu kweli kweli, na alilisoma huku akisafiri na timu kila wiki ya msimu.

Mwaka wake wa kwanza chuoni, 2010, haukuwa wa kujivunia. Alikuwa anaingizwa katikati ya mchezo, na wastani wake ulikaribia 6. Mwaka wa pili akawa anaanza mechi, wastani ukashuka hadi 3.02, ingawa alishinda 6 na kupoteza 7. Mwaka wa tatu, 2012, alishinda 10 na kupoteza 2, wastani 2.56, akawatoa wapigaji 130 kwa straiki. Waandishi wa besiboli ya vyuo wakamtaja kuwa mrushaji bora wa nchi. Kijana aliyekuwa wa raundi ya 15 sasa anatajwa kuwa huenda akawa wa kwanza. Miaka mitatu tu. Hapo ndipo ninapowaambia wazazi wasikate tamaa mtoto wa miaka kumi na minane asipotafutwa na mtu. Mwili wa mrushaji unakomaa kwa wakati wake, na chuo kinampa nafasi ya kukomaa huku anasoma.

Sasa tufike Juni 2012, maana pale pana mengi.

Timu yenye chaguo la kwanza ilikuwa Houston. Wengi walidhani watamchukua Appel. Lakini mwaka ule ligi ilikuwa imeanza sheria mpya ya fedha: kila timu ilipewa fungu la bonasi za kusaini kwa raundi kumi za mwanzo, na timu iliyopitiliza fungu kwa zaidi ya asilimia 5 ingepokonywa chaguo lake la raundi ya kwanza mwaka unaofuata. Ghafla kila kijana akawa na bei ya kitabuni, na timu ikawa na sababu ya kumtafuta atakayekubali chini ya bei ili ihifadhi fedha za kumnunua mwingine. Houston ikamchukua Carlos Correa, kijana wa miaka kumi na saba kutoka Puerto Rico, kwa dola milioni 4.8, wakati nafasi ile ilithaminiwa milioni 7.2. Fedha zilizobaki zikaisaidia Houston kumpata Lance McCullers Mdogo baadaye katika uteuzi uleule. Mashabiki wa Astros mlioko hapa mnajua hao wawili walifanya nini mwaka 2017.

Appel akaanza kuporomoka. Wa pili si yeye, wa tatu si yeye. Akafika wa nane, mikononi mwa Pittsburgh Pirates. Mshauri wake alikuwa Scott Boras, mtu anayejulikana kwa kutouza rahisi. Wakati ule walikuwa wanaitwa washauri kwa sababu sheria za michezo ya vyuo zilimkataza mwanafunzi kuwa na wakala, basi kila mtu alikuwa na mshauri aliyefanana sana na wakala. Pittsburgh wakaweka mezani dola milioni 3.8. Kwa sheria mpya hawakuweza kuongeza bila kujikata wenyewe. Appel akakataa, akarudi chuoni kumaliza mwaka wa nne.

Naona mmoja wa akina baba pale ametikisa kichwa. Baba, hukuwa peke yako. Watu wengi walimwita kijana yule mwenye tamaa, wengine wakamwita mjinga. Milioni 3.8 taslimu kwa mtu wa miaka ishirini, ambaye bega lake linaweza kuchanika kesho asubuhi akimrushia mwenzake mpira wa mazoezi! Na mwanafunzi wa mwaka wa nne hana nguvu ya kubishana bei kama wa mwaka wa tatu, kwa sababu wa mwaka wa tatu anaweza kutishia kurudi chuoni. Wa mwaka wa nne anarudi wapi?

Mimi nasema alifanya sawasawa. Wengi wanaotetea uamuzi ule wanataja fedha: mwaka 2013 Houston, wakiwa na chaguo la kwanza tena, walimchukua na kumlipa dola milioni 6.35, yaani alipata milioni mbili na nusu zaidi kwa kungoja. Ni kweli, lakini angevunjika kiwiko mwezi wa tatu, hesabu ile ingekuwa kichekesho. Uamuzi ulikuwa mzuri kwa sababu kitu alichokifuata kilikuwa mikononi mwake. Bonasi ilitegemea watu wengine. Shahada ilitegemea yeye kukaa darasani. Alikaa, akaipata. Na uwanjani mwaka ule wa nne alikuwa bora kuliko wakati wowote: ushindi 10, kupoteza 4, wastani 2.12, straiki 130 katika iningi 106 na theluthi moja. Akaondoka Stanford akiwa na rekodi ya chuo ya kuwatoa wapigaji kwa straiki, 372.

Jambo dogo la pembeni, maana mimi hupenda hesabu za namna hii. Aliyechaguliwa wa pili mwaka ule alikuwa Kris Bryant, na Chicago Cubs walimlipa dola milioni 6.7. Wa pili alilipwa kuliko wa kwanza. Miaka mitatu baadaye Bryant alikuwa mchezaji bora wa ligi yake na bingwa wa dunia, kama wanavyoliita taji la ligi kuu. Uteuzi ni kama mnada wa samaki pale Feri: bei inakuambia wanunuzi wa asubuhi ile walikuwa na hamu ya nini na mfukoni walikuwa na ngapi. Samaki mwenyewe utamjua jikoni.

Sasa jiko la besiboli ndilo hizi ligi ndogo, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotea, kwa sababu katika mpira wa miguu kijana akisajiliwa na klabu kubwa tunamwona na jezi kesho yake. Katika besiboli kila klabu kubwa ina timu za chini katika miji midogo, madaraja juu ya madaraja. Enzi zile yalikuwa mengi kuliko sasa: ligi ya mafunzo, daraja A la msimu mfupi, A, A ya juu, kisha AA, kisha AAA, ndipo ligi kuu. Hata chaguo namba moja anaanzia chini. Appel alisaini Juni 2013, wakampeleka Tri-City ValleyCats, kule Troy, New York, mji ambao sidhani kama kuna mtu humu ameupangia safari. Kisha Quad Cities River Bandits, Davenport, Iowa, uwanja uliokaa ukingoni mwa mto Mississippi. Alianza mechi 10 mwaka ule, wastani 3.79. Si vibaya kwa mtu aliyekwisha kurusha msimu mzima wa chuo.

Maisha ya pale ni ya basi. Mnamaliza mechi saa nne usiku, mnapanda basi, mnalala mmekaa, mnafika mji mwingine alfajiri, jioni mnacheza tena. Chuoni mrushaji nyota anarusha mara moja kwa wiki, usiku wa Ijumaa, na siku sita anajenga mwili na kusoma. Katika ligi ndogo mechi ni karibu kila siku, na zamu ya mrushaji inarudi haraka zaidi. Astros miaka ile walikuwa na utaratibu wao wa warushaji wawili kugawana mechi moja, zamu zikifuatana karibu kuliko alivyozoea mtu wa chuo. Bega lililozoea siku sita za kupumzika likaambiwa lijifunze lugha nyingine.

Na fedha. Appel alikuwa na mamilioni yake. Aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi hakuwa nayo. Kabla ya 2021 kima cha chini katika daraja A kilikuwa dola 290 kwa wiki, na zinalipwa miezi ya msimu tu. Majira ya baridi kijana anarudi nyumbani kufundisha watoto mpira, kubeba mizigo ghalani, kuendesha gari la kukodi. Wengi waliishi kwa hisani ya familia za wenyeji waliowapa chumba. Mwaka 2022 ligi kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi ya mishahara iliyofunguliwa na wachezaji wa ligi ndogo, na mwaka huohuo wachezaji hao wakaingia katika chama cha wafanyakazi. Mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ulipandisha kima cha chini cha daraja A hadi dola 26,200 kwa mwaka, na AAA hadi 35,800. Nyumba nazo sasa klabu inatakiwa kuzitafuta. Ni afadhali kubwa. Lakini mama, ukiambiwa mwanao "amesaini kuwa profesheno", uliza daraja gani na bonasi ngapi kabla hujaita watu kwenye sherehe. Sherehe fanya, ila uliza kwanza.

Mwaka 2014 ndio ulioandika jina la Appel vibaya. Januari alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, akachelewa kuanza mazoezi. Kisha wakampeleka Lancaster, California, timu ya JetHawks, daraja A ya juu. Lancaster iko kwenye jangwa la Mojave, juu kidogo, hewa nyepesi, upepo hauna huruma. Mpira ambao Stanford ungedakwa na mtu aliyesimama ametulia, Lancaster unavuka uzio. Warushaji wote waliopita pale wana simulizi zao. Lakini hata kwa Lancaster, namba za Appel zilitisha: iningi 44 na theluthi moja, wastani 9.74. Tisa! Yule aliyekuwa na 2.12 mwaka uliotangulia.

Kisha likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu lilimuumiza kuliko upepo. Julai, akiwa na wastani ule, klabu ilimleta hapa Houston arushe mazoezi mbele ya Brent Strom, kocha wa warushaji wa timu kubwa, ndani ya uwanja uleule tunaouita sasa Daikin Park. Kusudi lilikuwa jema: mtaalamu amtazame, amrekebishe. Baadhi ya wachezaji wa timu kubwa hawakupendezwa. Wao walipanda ngazi hatua kwa hatua, na huyu anashindwa daraja la chini analetwa uwanjani kwao kama mgeni rasmi. Halafu siku chache baadaye akapandishwa hadi AA, Corpus Christi, mwendo wa saa tatu na nusu tu kutoka hapa. Magazeti yakapata la kuandika.

Niwaombe vijana mlioko nyuma mlifikirie hili dakika moja. Kosa la nani? Kijana hakujiita. Hakujipandisha. Alikuwa amebeba namba moja mgongoni, na klabu iliyotoa milioni 6.35 ilikuwa na haraka kuliko yeye. Cha kushangaza, Corpus Christi alitulia: wastani 3.69. Mtu yuleyule, mkono uleule. Mwaka 2015 akaanzia hapohapo Corpus, akapanda AAA kule Fresno, California, akashinda mechi 10 jumla na kupoteza 3, lakini wastani ukawa juu ya 4 kila alipokuwa. Alikuwa mrushaji wa kuvumilika. Na hakuna aliyemlipa milioni sita ili awe wa kuvumilika.

Desemba 2015 Houston wakambadilisha. Yeye na wenzake wanne walikwenda Philadelphia Phillies, Houston ikampata Ken Giles, mrushaji wa kumalizia mechi. Huko Philadelphia sitakaa sana. 2016 alianza mechi nane na Lehigh Valley IronPigs, timu ya AAA ya Pennsylvania, kiwiko kikagoma, akapasuliwa kuondoa mifupa iliyoota. 2017 bega. Wastani 5.27. Novemba 1, 2017, Astros walitwaa ubingwa wa dunia, Correa na McCullers wakiwamo, na Giles naye kikosini. Mwezi huohuo Phillies walimwondoa Appel katika orodha yao ya wachezaji 40, wale wanaoweza kuitwa timu kubwa.

Februari 2018 akatangaza kwamba anaacha. Alikuwa na umri wa miaka 26. Hadi wakati ule, machaguo namba moja waliosaini na kumaliza bila kufika ligi kuu walikuwa wawili tu: Steve Chilcott wa 1966 na Brien Taylor wa 1991. Mwandishi mmoja alizungumza naye, na Appel, bila kujitetea, alikiri kwamba anayetaka kumwita chaguo lililofeli kuliko yote ana haki ya kumwita hivyo. Alisema ana mambo mengine ya kufanya na maisha yake. Ni Mkristo asiyeficha imani yake, ana shahada yake, ana marafiki.

Hapa nitasema jambo ambalo wahamasishaji hawalisemi. Ujasiri ule wa kuacha ulikuwa wake, na namheshimu kwa hilo. Lakini ulikuwa na mto wa kulalia. Alikuwa na bonasi benki na shahada ya Stanford mkononi. Kijana aliyetoka sekondari moja kwa moja na bonasi ya dola elfu tano, akapiga basi miaka saba, akiwa na miaka 26 anaacha ili aende wapi? Ndiyo maana mimi nasisitiza chuo hadi watu wananichoka. Si kwamba chuo kinamfanya mtoto arushe vizuri zaidi. Kinampa mlango wa pili, na mwenye mlango wa pili anacheza bila hofu na anaondoka bila aibu.

Na anaweza hata kurudi! Mwaka 2021, baada ya misimu mitatu nje, Appel akarudi. Phillies bado walikuwa na haki naye. Akapangiwa AA, Reading, kisha Lehigh Valley tena. Mwaka ule wa kurudi ulikuwa mbaya, wastani ukapita 6. Mtu mwingine angesema basi, nimejaribu. Mwaka 2022 wakamwambia asianze tena mechi, awe anaingia katikati, iningi moja au mbili, atoe nguvu zote. Kumbukeni kazi aliyopewa Stanford mwaka wa kwanza, ile aliyoifanya vibaya: ni hiyohiyo. Safari hii mechi 19, ushindi 5, hakupoteza hata moja, wastani 1.61.

Juni 25, 2022, Phillies wakamwita. Juni 29, iningi ya tisa, Philadelphia ikiwa imeshapitwa na Atlanta Braves, akapanda kichuguu. Miaka 30, bado wiki mbili afikishe 31. Hakuna chaguo namba moja aliyewahi kuanza ligi kuu na umri mkubwa hivyo. Alirusha iningi moja, hakuna aliyefunga, mmoja akatolewa kwa straiki. Timu ikashindwa. Mwaka ule alicheza mechi 6 za ligi kuu, iningi 10 na theluthi moja, wastani 1.74. Kiwiko kikamrudia, hakuwamo kikosini Phillies walipofika fainali, ambako walicheza na nani? Na Houston. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Houston ikashinda. Machi 2023 Phillies wakamwachia.

Yamebaki mambo ya kiofisi, niyapitie haraka, kwa kuwa ndiyo mnayoniuliza kila mara kwenye simu.

Mtoto anayesoma sekondari hapa Marekani anaingia katika uteuzi hata kama alizaliwa Mombasa au Lubumbashi. Uteuzi sasa una raundi 20, si 40 kama zamani, kwa hiyo raundi ya mwisho ya leo ingekuwa katikati tu enzi za Appel. Akiingia chuo cha miaka minne, hachaguliwi tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akiingia chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Wengi wetu tunavidharau vyuo vya miaka miwili. Msividharau.

Mtoto aliyeko nyumbani Afrika Mashariki njia yake ni nyingine: hachaguliwi, anasaini mwenyewe kama mchezaji wa kimataifa. Si ndoto. Uganda walipeleka watoto wao Williamsport, kwenye fainali za dunia za watoto, Agosti 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya Appel kuwakatalia Pittsburgh. Na hao Pittsburgh ndio waliomchezesha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza katika ligi kuu, baada ya miaka mingi ya ligi ndogo. Wala hakuna aliyemwita chaguo la kwanza.

Kuhusu skolashipu: kwa miaka mingi timu ya besiboli ya chuo cha daraja la juu ilikuwa na skolashipu 11.7 za kugawana wachezaji hadi 27. Ndiyo, nukta saba. Kwa hiyo "amepata skolashipu" ilikuwa mara nyingi robo ya ada, na robo tatu unalipa wewe. Sheria zimebadilika kuanzia mwaka wa masomo 2025, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kutoa skolashipu kwa wachezaji wote 34, lakini "vinaweza" haimaanishi vitatoa. Omba barua. Barua iseme kiasi, iseme ni ya mwaka mmoja au zaidi, iseme nini kitatokea mtoto akiumia bega. Kocha akikasirika kwa swali la bega, umeshapata jibu.

Nimepitisha muda, mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye watoto wa darasa la kumi na la kumi na moja, baada ya chakula nitakuwa kwenye meza ile ya chai na fomu za vyuo vitatu vya hapa Texas. Njooni na mtoto mwenyewe, si picha yake kwenye simu. Sasa, Mama Zawadi ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja milioni sita. Karibu, mama.